Imani Iliyopita Motoni: Kusimama katika Kristo Wakati wa Mashaka na Taabu

(Mada iliyotolewa na mchungaji mstaafu katika Semina ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi)



Kamati ya Jubilei imenipa heshima kubwa kuliko stahili yangu kwa kuniomba niseme juu ya imani katika nyakati za mashaka na taabu. Kesho tutaimba, tutamshukuru Mungu, na Baba Askofu atabariki mnara wa kumbukumbu. Hayo yote ni mema. Lakini wazee waliopanga semina hii walisema kwamba si vyema kusherehekea miaka mia kana kwamba yote ilikuwa ya mavuno. Iko miaka ambayo usharika huu ulipanda kwa machozi na haukuona mavuno kwa muda mrefu. Mimi nakubaliana nao. Kanisa linalokumbuka furaha zake tu huwaacha bila neno watoto wake watakaokutana na majonzi.

Msingi wa mada hii nimeutoa katika Injili ya Marko, sura ya 9, mstari wa 14 hadi 29. Hapo tunamwona baba mmoja aliyemleta mtoto wake mgonjwa kwa wanafunzi, nao wakashindwa kumponya. Alipofika mbele ya Yesu, baba yule alitoa maneno mawili kwa pumzi moja: kwamba anaamini, na kwamba anaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumfukuza kwa sababu ya neno la pili. Alimponya mtoto. Naomba tulishike jambo hilo tangu mwanzo, maana yote nitakayosema yanatoka humo.

I. SHAKA NI NINI, NA SI NINI

Wengi wetu tulilelewa tukidhani kwamba Mkristo wa kweli hana shaka hata kidogo, na kwamba mwenye kuuliza ameanza kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo watu wamejifunza kuficha. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo ilivyo hata katika mambo ya roho. Mtu huja kanisani kila Jumapili, hutoa sadaka, husimama na kuketi pamoja na wengine, kumbe moyoni ana swali ambalo hajamwambia mtu yeyote kwa miaka kumi. Siku moja hatumwoni tena, nasi tunashangaa.

Maandiko hayafichi jambo hili. Nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa wa mlima Karmeli, alilala chini ya mti jangwani akaomba afe. Yeremia alimlalamikia Mungu kwa maneno ambayo wengi wetu tungeogopa kuyasoma kwa sauti. Yohana Mbatizaji, aliyemwonyesha Yesu kwa kidole mbele ya watu wote, alipokuwa gerezani alituma wanafunzi wake wakaulize kama kweli Yesu ndiye ajaye au wamtazamie mwingine. Yesu hakumkemea Yohana. Alimpelekea habari za yale yanayotendeka, kisha akamsifu mbele ya makutano.

Nataka hasa mwangalie mwisho wa Injili ya Mathayo, sura ya 28, mstari wa 17. Wanafunzi kumi na mmoja wako mlimani pamoja na Bwana aliyefufuka. Mwinjilisti anatuambia kwamba walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Mara baada ya hapo linafuata Agizo Kuu la kwenda ulimwenguni kote na kubatiza. Bwana hakuwatenga kwanza wenye shaka upande mmoja na wasio na shaka upande mwingine. Aliwatuma wote. Injili iliyotufikia sisi hapa Buhaya ilianza safari yake mikononi mwa watu ambao baadhi yao walikuwa na shaka.

Kwa hiyo hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Kutoamini ni kumpa Mungu kisogo na kuondoka. Shaka ni kusimama mbele ya Mungu huku moyo umegawanyika, ukiuliza. Aliyeondoka hana tena wa kumwuliza, lakini anayeuliza bado anajua mlango uko wapi. Shaka ikiachwa peke yake gizani inaweza kukua ikawa kutoamini. Ikiletwa nuruni, mbele za Bwana na mbele ya ndugu, yaweza kuwa njia ya kuifikia imani yenye mizizi mirefu zaidi.

II. USHARIKA HUU ULIZALIWA KATIKA TAABU

Ndugu wapendwa, tusidhani kwamba mababu zetu waliipokea Injili katika siku za utulivu. Kabla wamisionari wa Betheli hawajafika Bukoba mwaka 1910, walikuwapo Wahaya waliojifunza kusoma Neno la Mungu huko Buganda, wakarudi nalo nyumbani. Walikuwa wachache, hawakuwa na jengo, na hawakuwa na mtu mkubwa wa kuwatetea.

Miaka minne tu baadaye vita kuu ikaanza. Mwezi Juni 1915 mji wa Bukoba ulishambuliwa na majeshi ya Waingereza, na mwaka uliofuata utawala wa Kijerumani ukaondoka katika nchi hii. Wamisionari Wajerumani nao wakalazimika kuondoka. Kwa macho ya kibinadamu kazi ilikuwa imekufa ikiwa bado changa. Mtu mwenye akili za kawaida angeuliza: ikiwa huyu ni Mungu wa kweli, mbona wale waliotuletea habari zake wanapigana wao kwa wao, na mbona wachungaji wetu wamechukuliwa?

Jibu halikuja kwa hotuba. Lilikuja kwa watu waliobaki. Wakristo wa hapa wenyewe, Andrea Kajerero akiwa miongoni mwao, waliendelea kukusanya watu, kufundisha na kusali. Msaada ulitoka kwa makanisa mengine kwa nyakati mbalimbali, lakini mzigo wa kila siku ulibebwa na walimu na wainjilisti waliokuwa na elimu ndogo na mishahara midogo au wasiokuwa na mshahara kabisa. Usharika wetu ulipoanzishwa katika miaka ya 1920, ulianzishwa na kizazi hicho. Waliojenga banda la kwanza la nyasi hapa walikuwa wamekwisha kujua jinsi kanisa linavyoachwa bila mchungaji, na walikuwa wameona kwamba Kristo hakuondoka pamoja na meli za wageni.

Jambo hilo lilirudi tena katika vita ya pili ya dunia, wamisionari Wajerumani walipowekwa kizuizini na ndugu kutoka Uswidi wakaja kusaidia. Ndipo alipokuja Bengt Sundkler, aliyefanya kazi hapa kuanzia mwaka 1942 hadi 1945, na ambaye baadaye alikuwa Askofu wa kwanza wa kanisa letu. Mwaka 1964 alimpisha Askofu Josiah Kibira, mwana wa nchi hii, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kanisa lililoachwa yatima wakati wa vita lilimtoa kiongozi wa Walutheri wa dunia nzima. Nasema hivi ili tujue kwamba Mungu hujenga kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wetu.

III. MIAKA AMBAYO TULIULIZA: BWANA, HATA LINI?

Sasa nakuja kwenye miaka ambayo wengi wetu tuliomo humu tumeiona kwa macho.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka lilibomolewa. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, na maelfu wakakimbia wakiwa wamebeba watoto na magodoro. Vita ilikwisha mwaka 1979, lakini watu walirudi kwenye nyumba zisizo na mapaa na migomba iliyomezwa na magugu.

Hata kabla ya majeraha hayo kupona, likaja lililo kubwa zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa wetu. Hatukulijua jina lake. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vya biashara ya magendo vilivyovuka mpaka siku zile. Mnajua jinsi sisi Wahaya tunavyozika wafu wetu kibanjani, karibu na nyumba. Katika miaka ile ulikuwa ukipita njiani unaona kaburi jipya katika kila kibanja, na katika vibanja vingine makaburi matatu au manne yaliyofuatana: la mume, la mke, la ndugu. Zilibaki nyumba ambamo mkubwa kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, na nyingine ambamo bibi mwenye miaka sabini alianza upya kulea wajukuu wanane.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, zaidi ya watu 200,000 katika muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Baadhi yetu tulikwenda kuhudumu huko, tukakutana na Wakristo waliobatizwa kama sisi, wengine wakiwa wameuawa ndugu zao ndani ya makanisa. Kisha, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakaangamia. Katika mkoa huu ni vigumu kupata ukoo ambao haukuguswa. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia mkoani na kuua chakula chetu shambani. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, nyumba na makanisa yakapasuka. Mwaka 2022 ndege ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19, na mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia katika vijiji vya Bukoba.

Sikuyataja haya ili niwatie huzuni. Nimeyataja kwa sababu kila moja liliacha maswali katika viti hivi mnavyokalia. Nimekuwa mtumishi wa Kanisa kwa zaidi ya miaka arobaini, na maswali niliyoyasikia katika nyumba za msiba ni matatu hasa.

Swali la kwanza: "Tulitenda dhambi gani?" Wakati wa UKIMWI swali hilo liliulizwa kwa kunong'ona, na mara nyingi lilijibiwa kwa ukatili. Wako waliosema hadharani, hata mimbarani, kwamba waliokufa walipata malipo yao. Yafaa tumsikilize Bwana mwenyewe. Katika Luka 13 anazungumza juu ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye anakanusha wazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Anawageuzia wasikilizaji swali ili kila mmoja atubu yeye mwenyewe. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, naye anakataa hesabu hiyo ya dhambi na adhabu. Waliokuwa ndani ya MV Bukoba hawakuwa wenye dhambi kuliko waliochelewa kufika bandarini Kemondo wakaachwa na meli. Anayetumia msiba wa jirani kupima dhambi za jirani amechukua kiti ambacho Kristo mwenyewe alikataa kukikalia.

Swali la pili: "Je, imani yangu ilikuwa haba?" Swali hili limezidi katika miaka hii ya karibuni, kwa sababu iko mahubiri mengi yanayofundisha kwamba mwenye imani ya kutosha haumwi, hafilisiki na hafiwi. Mwaka 2011 tuliona maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo washarika wetu, wakifunga safari ndefu hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wako waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wakaziacha baada ya kunywa, wakidhani kuendelea kuzimeza ni dalili ya kutoamini. Leo yapo maji, mafuta na vitambaa vya kila namna. Sikusudii kumhukumu mtu aliyekwenda kwa sababu ya uchungu, maana mwenye maumivu hushika chochote. Ila fundisho lenyewe yatupasa kulipima kwa Neno.

Fungueni Waebrania 11. Mwandishi anawataja watu ambao kwa imani waliokoka na makali ya upanga. Mistari michache tu mbele anawataja wengine waliouawa kwa upanga. Wote amewaweka katika orodha moja, na wote anasema walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Waliookoka na waliouawa walikuwa na imani ileile. Basi kuponywa si kipimo cha imani, wala kifo si cheti cha kushindwa. Tena dawa ni kipawa cha Mungu. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa hizo bila malipo, tumeona watu waliokuwa wakisubiri kufa wakisimama na kulea watoto wao hadi kuwaoza. Mkristo anayemeza dawa yake kila siku kwa shukrani anatenda tendo la imani.

Swali la tatu ni gumu kuliko yote: "Mungu alikuwa wapi?" Hilo sina jibu la kulifunga. Ayubu aliuliza sura nyingi, na alipojibiwa hakupewa maelezo ya sababu. Alikutana na Mungu mwenyewe. Sisi Walutheri tumefundishwa tusimtafute Mungu kwa kupanda mawinguni kuchungulia siri zake, bali tumtazame pale alipojionyesha, yaani Msalabani. Hapo tunamwona Mwana wa Mungu mwenyewe akilia kwamba ameachwa. Tunapouliza Mungu alikuwa wapi, imani hutuonyesha Msalaba na kusema: alikuwa upande wa wanaokufa, wala hakubaki huko kaburini.

IV. NAMNA MUNGU ANAVYOTUSHIKA

Dk. Martin Luther hakuyafundisha haya kutoka katika maisha ya raha. Mwaka 1527 aliugua, akaingiwa na huzuni nzito ya moyo, na tauni ikaingia mji wa Wittenberg. Wengi walikimbia, yeye akabaki kuwahudumia wagonjwa. Mwaka uliofuata binti yake mchanga Elisabeth alifariki. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, kitabu kilekile tulichokariri sisi sote kabla ya Kipaimara. Tulipokuwa watoto tulikiona kama kitabu cha mtihani. Kumbe kiliandikwa na baba aliyetoka kuzika mtoto. Baadaye alifundisha kwamba mambo matatu humfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, kulitafakari Neno, na majaribu. Majaribu aliyaweka pamoja na sala na Neno kama mwalimu wa tatu.

Basi tunaimarishwaje? Nataja njia nne, nazo si ngeni kwenu.

(a) Ubatizo. Imani yetu hupanda na kushuka kama joto la mgonjwa. Ubatizo haushuki. Luther aliposhambuliwa na shaka alijikumbusha kwamba amebatizwa. Hakusema kwamba anajisikia kuwa na imani. Alishika jambo lililotendwa na Mungu nje ya moyo wake. Ndugu, siku moyo wako utakapokuwa mtupu, usianze kuupekua kutafuta imani humo. Nenda kwenye kitabu cha usharika, tazama jina lako na tarehe. Siku hiyo Mungu alisema neno juu yako, naye hakulifuta.

(b) Neno, hasa Zaburi za maombolezo. Tumezoea Zaburi za sifa, lakini nyingi zilizomo katika kitabu kile ni vilio. Zaburi ya 13 inauliza mara nne hata lini. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kumalizikia gizani. Mungu ameruhusu vilio hivyo viwe Neno lake ili tusikose maneno siku ya taabu. Mtu anayemlilia Mungu kwa uchungu anasali. Tumfundishe hivyo, tusimwambie anyamaze.

(c) Chakula cha Bwana. Meza ile haikuandaliwa kwa ajili ya mashujaa. Usiku ule walioketi pamoja na Bwana walikuwa watu ambao kabla ya mapambazuko wangemkimbia. Alijua, na akawapa mkate. Alimwambia Petro kwamba amemwombea ili imani yake isitindike. Imani ya Petro haikuokolewa na uthabiti wa Petro. Iliokolewa na maombi ya Yesu.

(d) Ushirika wa ndugu. Katika Marko 2 mtu aliyepooza alibebwa na watu wanne, nao wakatoboa dari. Mwinjilisti anasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Wako watu ambao kwa kipindi fulani hawawezi kuamini wenyewe, na kazi ya usharika ni kuwabeba.

Hapa niruhusuni nitoe ushuhuda mmoja. Katika miaka ya 1990, katika mtaa mmoja niliohudumu, alikuwapo mama aliyezika watoto watatu katika muda wa miaka miwili. Alikuja ibadani kila Jumapili, lakini hakuimba wala hakufungua kinywa wakati wa Kanuni ya Imani. Baadhi ya wazee waliniletea shauri kwamba aonywe. Nilikwenda kumtembelea. Aliniandalia kiti, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Baba Mchungaji, maneno yale kwa sasa hayapiti kooni. Lakini mkiyasema ninyi nayasikia. Naomba msemeni na kwa niaba yangu." Nikawaambia wazee: mwacheni, sisi tuseme. Ilipita kama miaka miwili. Jumapili moja ya Pasaka mzee aliyekaa nyuma yake alimsikia akisema pamoja nasi, kwa sauti ndogo, neno la ufufuo wa mwili. Hakuna aliyemhubiria kwa nguvu. Alibebwa.

Vilevile Dayosisi ilibeba. Hospitali ya Ndolage na nyinginezo zilipokea wagonjwa waliokuwa wakikataliwa hata na jamaa zao. Huduma ya watoto, HUYAWA, ilisimama pamoja na yatima wasinyang'anywe vibanja vya wazazi wao na wapate kusoma. Leo wako walimu, wauguzi na wachungaji waliolelewa na huduma ile. Ukimwuliza mmoja wao alijuaje kwamba Mungu yupo, huenda asikutajie hoja. Atakutajia sare ya shule na mtu aliyeileta.

V. YATUPASAYO KATIKA MIAKA MIA IJAYO

Sitaki kumaliza kwa maneno matupu. Naleta mapendekezo manne mbele ya Baraza la Wazee.

Kwanza, tusiwaache waliofiwa baada ya matanga. Wakati wa msiba nyumba hujaa watu, lakini baada ya wiki chache mjane hubaki na sufuria tupu na usiku mrefu. Kila jumuiya ipange watu wawili wa kumtembelea aliyefiwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Waende kama marafiki wa Ayubu walivyofanya siku saba za kwanza, walipoketi chini pamoja naye bila kusema neno. Walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza sababu.

Pili, madarasa ya Kipaimara yawe na saa ya maswali. Vijana wetu wana simu mikononi, na wanasikia kila hoja inayompinga Mungu na kila nabii anayeuza miujiza. Kijana akiuliza swali gumu, mwalimu asimkemee. Kama hana jibu, aseme: twende tukamwulize mchungaji pamoja. Tomaso alipata shaka alipokuwa mbali na wenzake, na alipata jibu aliporudi kukaa nao. Siku nane zile hakuna aliyemfukuza chumbani. Kijana wetu akifukuzwa kwa swali lake, Bwana atakapokuja yeye hatakuwapo.

Tatu, mara moja kwa mwaka, pengine Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, iwepo ibada ya kuwakumbuka wafu wetu kwa majina, wakiwemo wale waliozikwa kwa aibu na kunong'onwa wakati wa UKIMWI. Majina yao yasomwe kwa heshima katika nyumba hii waliyobatizwa.

Nne, mimbari isiahidi yale ambayo Mungu hakuahidi. Wenzetu wanajaza viwanja kwa ahadi za utajiri, nasi tunaingiwa na tamaa ya kuwaiga tusije tukabaki na viti vitupu. Ndugu wachungaji, mtu aliyeahidiwa kwamba hatafiwa, siku akifiwa anapoteza mpendwa wake na Mungu wake kwa pamoja. Tuhubiri Kristo aliyesulubiwa na kufufuka. Huyo anatosha siku ya arusi, na anatosha siku ya mazishi.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya kwanza, anailinganisha imani na dhahabu inayojaribiwa kwa moto. Moto hauiumbi dhahabu. Unaonyesha tu ipi ni dhahabu na ipi ni takataka. Katika miaka mia hii baadhi ya yale tuliyoyaita imani yaliungua: majivuno yetu, hukumu zetu juu ya jirani, dhana kwamba Wakristo wana kinga ya msiba. Kilichobaki ni Kristo, na watu anaowashika.

Walioanzisha usharika huu hawakujua kwamba mbele yao iko vita nyingine, magonjwa, meli itakayozama na ardhi itakayotikisika. Sisi nasi hatujui watoto wanaobatizwa kesho watapita wapi. Tunajua tu jina watakalobatizwa kwalo, na kwamba mwenye jina hilo hamwachi aliye wake.

Mungu wa neema yote, aliyewaita baba zetu akawavusha, awathibitishe ninyi na watoto wenu. Wenye imani awalinde, wenye shaka awasikie, wenye kulia awafute machozi, hata siku ile tutakapomwona uso kwa uso. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.